Naomba ushauri: Linux Mint au Debian kwa kompyuta ya dukani?

Habari zenu wakuu. Dada yangu ana duka la steshenari. Anachapa barua na CV za watu, kutoa kopi na kuprinti. Kompyuta yake ya mezani ina RAM ya GB 4 na bado inatumia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 haiikubali, na hela ya kununua nyingine haipo. Nataka nimwekee mfumo endeshi huria (wa bure) badala ya Windows.

Nimejaribu mitatu kwenye mashine yangu. Linux Mint ya Xfce (toleo lenye dawati jepesi) ndiyo rahisi kuliko yote: unawasha kwa fleshi, unaionja kwanza bila kugusa diski, ukiridhika unasakinisha. Menyu iko chini kushoto, na dada aliifungua mwenyewe bila kuniuliza. Debian nayo imerahisika tangu toleo la 12 la mwaka 2023, ila kisakinishi kina maswali mengi. FreeBSD naipenda, nyaraka zake zimeandikwa vizuri mno, lakini nilipomaliza kusakinisha nilikuta skrini nyeusi inayodai jina na nywila. Kwa dada, hapana.

Kinachoninyima usingizi ni faili za Word. Wateja wanazileta kwenye fleshi. Nilipofungua moja, jedwali lilihamia ukurasa wa pili kwa kuwa fonti iliyotumika haikuwemo. Mteja wa CV hawezi kulipia hiyo.

Mliokwisha kuhamisha kompyuta za biashara, fonti na printa mlizitatua vipi? Na je, niiache Windows pembeni kwanza au nifute moja kwa moja?