Beetle 1600 haishiki sailensa ikishapata moto, kabureta ni Solex 34 PICT-3

Boxa1600:
Wakuu habari zenu. Nina Beetle ya 1972, injini 1600 twinpoti (kila kichwa cha injini kina matundu mawili ya kuingizia hewa), kabureta ni Solex 34 PICT-3 ile ya asili. Ikiwa ya baridi inawaka vizuri tu na inanguruma safi mpaka unafurahi mwenyewe, ila injini ikishapata moto choki ikafunguka yote ndo balaa linaanza, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka inapanda inashuka halafu ukisimama mahali inazima. Ukikanyaga mafuta kuondoka inasita kwanza ndo ichukue, na ukiachia pedeli kwenye mteremko inapiga mabomu kwenye ekzosi.

Kabureta imeshafunguliwa yote, gasketi mpya, diafram ya pampu mpya, jeti zimepulizwa. Plagi na pointi mpya pia. Kitu kinachonichanganya zaidi ni hii, ile skrubu ndogo ya ubavuni ya mchanganyiko naweza kuifunga mpaka mwisho na injini wala haishtuki. Fundi mmoja kasema kabureta imekufa ninunue nyingine. Mimi hii gari naipenda na natamani ibaki na vitu vyake vya asili, sasa naomba ushauri kabla sijaing'oa.

Spana13:
Mkuu usinunue kitu kwanza. Hilo ulilosema la skrubu ndogo ndo jibu lenyewe limejificha hapo. Kwenye 34 PICT-3 iliyo sawa, ukifunga skrubu ndogo mpaka mwisho injini lazima izime, kwa sababu mafuta ya sailensa kwa sehemu kubwa yanapita hapo. Isipozima maana yake injini inapata mafuta kutoka sehemu nyingine, na mara nyingi hiyo sehemu nyingine ni kipepeo cha chini (cha throtli, kinachofunguka ukikanyaga mafuta) kimefunguliwa kupita kiasi, kwahiyo vile vitundu vya juu ya kipepeo ambavyo kazi yake ni kusaidia wakati unaanza kukanyaga vinatoa mafuta muda wote.

Angalia ile skrubu iliyo kwenye mkono wa throtli, inayokaa kwenye gurudumu lenye ngazi ngazi la choki. Watu wengi wanatoka kwenye kabureta za zamani kama 30 PICT-1 ambako sailensa inapandishwa kwa skrubu hiyo, wakikuta 34 wanafanya vilevile. Hii haiendi hivyo. 34 PICT-3 ina njia yake ya pembeni ya hewa na ile skrubu KUBWA ya ubavuni ndo ya kupandisha na kushusha sailensa, ya mkono wa throtli unaiweka mara moja halafu unaiacha.

Na ndo maana inasita ukikanyaga. Kipepeo kikiwa wazi, vile vitundu vishafanya kazi yao kabla hujagusa pedeli, halafu tundu la vakyum (mvuto wa hewa) linafunuka mapema distributa inavuta taiming (muda wa cheche) mbele wakati gari imesimama. Yani unakuta mtu anahangaika na pampu ya akselereta siku nzima kumbe tatizo ni skrubu moja.

KipepeoCha34:
Nakubaliana na Spana13 ila tujiulize kwanini mtu aliifungua hiyo skrubu. Hakuna anayeigusa gari ikiwa inatulia. Mi nahisi kuna mahali inavuta hewa, sailensa ikawa inakufa, mtu akaona dawa ni kufungua kipepeo ili isizime. Na hayo mabomu kwenye ekzosi ukiachia pedeli ni dalili ya mchanganyiko mwepesi au ekzosi yenyewe inavuta hewa kwenye maungio.

Twinpoti ina ugonjwa unaojulikana, zile buti mbili za mpira zinazounganisha bomba la katikati na manifodi (mabomba ya kuingizia hewa) za pembeni. Zinapasuka kwa chini ambako huoni mpaka uzipinde. Angalia pia gasketi chini ya kabureta, bomba la breki kama yako ina servo (kisaidizi cha breki), na shafti ya kipepeo, ishike uitingishe, ikicheza juu chini basi mwili umelika na hewa inapita hapo, hiyo inabidi iwekewe bushi mpya na hakuna kutyuni kutakakosaidia.

Kupima, injini ikiwa kwenye sailensa puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye buti na kwenye shafti, mlio ukibadilika umepata pa kuanzia. Tafadhali sana hiyo dawa inawaka moto, usipulize karibu na distributa wala ekzosi na uwe na kizima moto mkononi.

Jeti_Kuu:
Mimi ningesema weka kabureta ya Weber maisha yaendelee, ile ya progresivu (koo mbili zinazofunguka kwa zamu) inaingia kwenye manifodi ile ile kwa adapta.

KipepeoCha34:
@Jeti_Kuu hapana mkuu, hapo sikubaliani. Ukiweka Weber ya katikati kwenye manifodi inayovuta hewa utapata tatizo lile lile na kabureta mpya juu yake. Na mafuta yanapita njia ndefu mpaka silinda za pembeni, bomba la joto la manifodi likiwa limeziba yanageuka matone njiani, Weber au Solex haijalishi. Mwenye gari amesema anataka iwe ya asili, tumsaidie kwa hilo.

Boxa1600:
Asanteni sana jamani. Nimepima. Buti ya upande wa kushoto imepasuka kwa chini kama KipepeoCha34 alivyosema, ukipuliza pale injini inapandisha mlio yenyewe. Shafti haichezi. Nimebadilisha buti zote mbili. Skrubu ya throtli kweli ilikuwa imeingizwa ndani sana. Sasa naanzia wapi kuseti upya? Distributa ni ya asili yenye vakyum, sio 009.

Spana13:
Safi sana. Kama una vakyum umeshapona nusu, maana 009 haina vakyum na ikikutana na 34 PICT-3 kale kausito ka kuondoka huwa hakaishi vizuri hata useti vipi.

Sasa usiguse kabureta mpaka vingine viwe sawa. Tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku, 0.15 mm zote intake na ekzosi. Pointi 0.4 mm. Halafu taiming kwa taa. Kwa kuwa distributa za miaka hiyo zinatofautiana, zingine zina mabomba mawili ya vakyum na zinasetiwa nyuzi 5 BAADA ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) na mabomba yakiwa yameunganishwa, soma namba ya distributa yako kwanza usifuate ya mtu. Ukibadilisha taiming baada ya kutyuni kabureta umeharibu kazi yote unarudi mwanzo, kwahiyo huo mpangilio una sababu.

Halafu ile valvu ya umeme ya kukata mafuta, iliyo upande wa kabureta yenye waya mmoja. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya urudishe, lazima isikike "tik". Isipolia haifunguki na hupati sailensa kabisa.

Haya, kabureta sasa. Injini iwe imepata moto vizuri na choki imefunguka yote, gurudumu la ngazi liwe kwenye hatua ya chini kabisa. Legeza skrubu ya throtli mpaka iache kugusa, irudishe mpaka iguse tu, halafu ongeza robo mzunguko. Basi, hiyo usiiguse tena. Skrubu ndogo ifunge taratibu mpaka ikae, usikaze kwa nguvu ncha yake inaharibika na ikishakuwa na alama huwezi tena kuiseti, halafu ifungue mizunguko miwili na nusu. Washa, tumia skrubu kubwa ulete mizunguko 850 kwa dakika. Rudi kwa ndogo, itembeze polepole mpaka injini ikimbie kwa kasi yake ya juu, hapo ifunge kidogo mpaka ishuke kama mizunguko 20 hadi 30. Malizia na kubwa kurudi 850. Kila ukigeuza subiri kidogo injini ijibu, hii haitaki haraka.

KipepeoCha34:
Niongezee mawili. La kwanza hilo bomba jembamba la joto linalopita chini ya manifodi, injini ikishakaa moto liguse kwa uangalifu pande zote mbili, likiwa la moto upande mmoja tu na mwingine baridi limeziba masizi. Siku ya baridi yenye unyevu kabureta itashika barafu na utaona kusita kumerudi, utafikiri umekosea kuseti kumbe sivyo.

La pili nalisema kwa kila mwenye Beetle. Kile kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta juu ya kabureta kimegongewa tu ndani ya mwili wa kabureta, kwa miaka kinalegea na kikichomoka petroli inamwagikia distributa. Beetle zimeungua kwa hilo. Kishike ukizungushe kwa vidole, kikicheza hata kidogo usiendeshe mpaka kifungwe vizuri. Na mipira ya mafuta kama imekauka badilisha yote na uweke klipu.

Boxa1600:
Wakuu imekubali!! Nimefuata kama Spana13 alivyoandika, tapeti mbili zilikuwa zimebana nikaziseti, taiming nikafuata namba ya distributa. Sasa nikifunga skrubu ndogo injini inazima kama inavyotakiwa, sailensa imetulia 850 na nikikanyaga inachukua hapo hapo. Mabomu yamepungua sana ila bado yapo kidogo kwenye mteremko.

Kibomba cha shaba kinazunguka kwa vidole. Gari imesimama, nakitoa leo.

Spana13:
Umefanya vizuri kuisimamisha. Kuhusu mabomu yaliyobaki angalia zile klampu za silensa (mafla ya ekzosi) kwenye maboksi ya joto na gasketi za ekzosi za nyuma, weka kitambaa kinene mwisho wa bomba injini ikiwa kwenye sailensa usikilize inapofukuta. Ukipata panapovuja tuambie ni upande gani.