Mrejesho: TENS ya kifundo cha mguu kwa kibofu kisichotulia

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza iwapo mashine ya TENS ya nyumbani (inayopitisha umeme mdogo kwenye neva kupitia pedi zinazobandikwa kwenye ngozi) ingeweza kutuliza haja ya ghafla ya mkojo iliyokuwa ikiniamsha usiku kucha. Daktari alipohakikisha kwamba sina maambukizi, mimba wala kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, nilifuata ushauri wa dada mtaalamu wa fiziotherapia: pedi moja nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, nyingine sentimita 10 juu yake, mipigo 10 kwa sekunde, nusu saa kila mara. Kidole gumba cha mguu kilipoanza kuchezacheza ndipo nilipojua kuwa nimeipata neva yenyewe, ile ya mguuni yenye uhusiano na neva za kibofu. Mwanzoni sikuona nafuu yoyote, lakini baada ya kutimiza wiki 12 nilizoelekezwa, nalala hadi karibu na alfajiri, na safari ya basi hainitishi tena. Mkojo unaonitoka ninapokohoa haukupungua hata kidogo. Kwa hilo nimeanzishiwa mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu kutoka chini. Pedi za bei rahisi, kwa kweli, ziliniwasha ngozi, nikazibadilisha.