Cillian, Oisín, Rían au Tadhg: lipi linamfaa mtoto wa Cork mwenye bibi Tanga?

mama_wa_cork
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri. Mimi Mtanga, mume wangu Mwairishi, tunaishi Cork, Ireland, na mwezi ujao tunatarajia mtoto wa kiume. Tulishakubaliana jina la kwanza litoke ukweni, la pili liwe la marehemu baba yangu. Mume kaleta manne: Cillian, Oisín, Rían na Tadhg. Yeye anamtaka Oisín. Mimi sharti langu ni moja tu, mama yangu kule Tanga aweze kumwita mjukuu wake bila kujing'ata ulimi. Sheria ya huku inatupa miezi mitatu ya kumsajili, ila nataka hili liishe kabla sijaingia leba.

muuguzi_dublin
Hongera mdogo wangu. Niko wodi ya wazazi, majina haya nayaandika kila zamu. Jack ndiye aliyetawala hapa: tangu 2007 aliongoza orodha ya ofisi ya takwimu kila mwaka, isipokuwa 2016 alipopitwa na James. Mwaka 2024 Rían akamng'oa. Kwa hiyo ukichagua Rían, jiandae: chekechea utaita mmoja, wageuke watatu. Maana yake "mfalme mdogo", na kwa mama ni jepesi kuliko yote, Riani.

Tadhg litoe. Linatamkwa "taig" kwa mkato, nusu ya herufi zimemezwa. Maana nzuri, mshairi, lakini kule Belfast jina hilohilo liligeuzwa tusi la kuwatukania Wakatoliki. Cork hakuna atakayeshangaa, kina Tadhg wamejaa tele. Ukitoka nje ya Ireland ndipo utakapotaja herufi moja moja kila kaunta mpaka uchoke.

asiye_na_haraka
Mimi kura yangu kwa shemeji. Oisín, yaani "Oshiin", ni mwana wa Fionn mac Cumhaill, kiongozi wa wapiganaji wa Fianna. Mama yake, Sadhbh, alirogwa akageuzwa paa, na baba akaja kumwokota mtoto porini kwenye mlima Ben Bulben, Sligo. Ndiyo maana jina ni "paa mdogo". Alipokua, binti aitwaye Niamh akamchukua juu ya farasi mweupe hadi Tír na nÓg, nchi isiyo na uzee. Akadhani amekaa miaka mitatu, kumbe mia tatu. Akaomba kwenda kusalimia nyumbani, akaonywa asikanyage ardhi, akaporomoka kutoka kwenye farasi, na uzee wote ukamshukia palepale. Mtoto akiuliza jina lake limetoka wapi, una hadithi ya kumlaza wiki nzima. Rían ukishamwambia "mfalme mdogo" umemaliza.

kevo_wa_kisumu
Aliyeenda ng'ambo, akarudi nyumbani, akazeeka siku hiyohiyo? Huyo si ni sisi wa ughaibuni 😂

Mimi ni Kevin. Kenya kila darasa lina Kevin na Brian, na wengi hawajui kwamba hayo ni ya Waairishi. Kevin ni Caoimhín, mtakatifu wa Glendalough. Brian ni yule mfalme Brian Boru aliyeuawa vita vya Clontarf, 1014. Si mchukue lililozoeleka tayari? Ama Liam?

muuguzi_dublin
Kevo usikasirike, lakini huku Kevin ni jina la wajomba wenye vipara. Liam ni zuri, ila ni Uilliam lililokatwa, William yuleyule aliyeletwa na Wanormani. Halafu ndilo linaloongoza Marekani tangu 2017, utakutana nalo kila uwanja wa ndege.

mbinga_kwetu
Naona Cillian anapitwa tu kama hayupo. Sisi watu wa Mbinga, Ruvuma, huyu ni wa nyumbani! Kanisa kuu la jimbo letu ni la Mtakatifu Kiliani. Alikuwa mmisionari wa Kiairishi, wanasema mzaliwa wa Mullagh, Cavan, akaenda kuhubiri Würzburg, Ujerumani, akauawa kule karibu mwaka 689. Jimbo la Würzburg na jimbo la Mbinga ni marafiki wa miaka mingi. Kwa hiyo dada, kati ya manne yako hili moja lilishafika Tanzania bila visa.

Maana yake wanabishania. Wapo wanaolitoa kwenye *cill*, kanisa, ile iliyo mwanzoni mwa majina ya miji ya huko kama Kildare na Kilkenny. Wengine wanalirudisha kwa Ceallach, jina la kale wanalolihusisha na vita. Subirini mtoto azaliwe muone amefuata upande upi.

Angalizo: C ya Kiairishi ni K siku zote. Shangazi zake wakiona maandishi watasoma "Chiliani". Kwenye kundi la familia waandikie Kiliani, yaishe.

muuguzi_dublin
Naunga mkono. Tena Cillian halina ile alama ya juu. Oisín na Rían wanayo, na kwenye mstari wa mashine chini ya pasipoti itapotea, pale zinaingia A hadi Z tu. Waairishi hawapendi alama kuachwa, maana Seán ni Yohana, *sean* bila alama ni "-zee". Na tangu Cillian Murphy, mwigizaji wa Cork hukohuko, achukue Oscar 2024, watu wengi hata nje wamejua kwamba ni K.

asiye_na_haraka
Hapo ndipo ubaya wake. Watadhani mmemwita mwigizaji.

mama_wa_cork
Asanteni sana jamani. Nimempigia mama, nikamtajia yote. Tadhg: "Tai? Ya shingoni?" Oshini: "Kwani mumeo Mjapani?" Riani amelipitisha bila neno. Kiliani alilirudia, akauliza kama ukweni kwangu kuna Wachaga.

Tadhg tumeshalifuta. Mume bado kang'ang'ania Oisín, na ile hadithi ya paa nimesomewa upya mezani kwa sauti. Mwenye mtoto Oisín anayesoma nje ya Ireland aje aniambie ukweli: walimu wanamwitaje?