Mjadala: Umri wa kustaafu ukipandishwa, nani ataumia?

Mchambuzi Huru: Wadau, Mei 2025 bunge la Denmark lilipitisha umri wa kustaafu ufike 70 ifikapo 2040. China nayo imeanza Januari 2025: wanaume wanatolewa 60 kwenda 63, kidogo kidogo kwa miaka 15. Natabiri nchi nyingi zitafuata, maana wachangiaji wanapungua na wastaafu wanaishi muda mrefu. Mnaonaje? Ila wazee nao waache kung'ang'ania viti.

Muuguzi Mkongwe: Viti gani? Wodini sikai. Nageuza wagonjwa, nakesha zamu za usiku, magoti yamekwisha. Nani kakwambia nataka kubaki? Ukiniongezea miaka mitano unanizuilia mafao yangu tu.

Bado Nasubiri: Shikamoo mama, hukusemwa wewe. Wanasemwa mabosi. Sisi tumezunguka na bahasha mpaka vyeti vimechakaa. Mkubwa akiongezewa miaka mitano, nami nimeongezewa mitano ya kusubiri.

Hesabu Kwanza: Kazi si viti vya kuhesabu, kwamba mzee asipoinuka kijana hakai. Japani wazee wengi bado wako kazini na ukosefu wa ajira kwa vijana ni mdogo. Halafu huo umri wa kustaafu wa 65 unaotajwa sana aliuweka Bismarck, kansela wa zamani kule Ujerumani, enzi ambazo wachache walifika huko.

Mzee Kumbukumbu: Ndugu, sheria ya Bismarck ya 1889 iliweka 70. Ilishushwa hadi 65 mwaka 1916, tena katikati ya vita. Kumbe kushusha kunawezekana!

Hesabu Kwanza: Iwe 70 iwe 65, mfuko ukikauka mtalipwa na nini?

Bado Nasubiri: Wewe Hesabu una ajira?

Hesabu Kwanza: Ninayo. Inahusu nini?

Bado Nasubiri: Inahusu sana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mchambuzi Huru: Jamani, turudi kwenye mada.

Muuguzi Mkongwe: Mada umeiharibu mwenyewe na viti vyako. Ufaransa 2023 serikali ilipandisha kutoka 62 hadi 64 bila wabunge kuipigia kura sheria yenyewe, watu wakajaa barabarani. Nao waling'ang'ania viti?

Fundi Zege: Mama kasema kweli. Mimi nimeanza kubeba zege nikiwa na miaka 17. Aliyeanza kazi na 27 baada ya digrii mbili, tustaafu siku moja? Wahesabu miaka ya kuchangia, na kazi za kuvunja mgongo zipewe nafuu.

Mzee Kumbukumbu: Hapo nakuunga mkono. Tena wabeba mizigo wengi hufa mapema kuliko watu wa ofisini, kwa hiyo wanachangia pensheni ambayo watakaoila ni wengine.

Fundi Zege: Na hapo ni kama mchango unafika. Tajiri wangu anakata kila mwezi. Nimeenda kuangalia kwenye mfuko, miezi mingi haina kitu.

Bado Nasubiri: Anakata hapeleki? Kaka, hiyo ni jinai! Hati za mshahara unazo?

Fundi Zege: Ninazo zote.

Muuguzi Mkongwe: Usimpe hata moja halisi, mwanangu. Toa nakala kwanza, halafu nendeni wengi.