Watu wa kusini, grupu lako la mtandaoni limewahi kukufaa nini? Tupeane uzoefu

Kijana wa Mikindani (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Mwaka jana mwenzetu tuliyesoma naye msingi hapa Mikindani alifukua picha ya darasa, ile ya kupangwa juani, nusu yetu pekupeku. Akaituma WhatsApp kwa watu sita, sita wakavuta wengine, tukafika 41. Miezi mitatu kazi ilikuwa kutaniana tu: nani alikimbia siku ya sindano, nani aliiba maembe ya mwalimu. Halafu mmoja akapita shuleni, akapiga picha ya watoto na vidumu vya maji walivyobeba kutoka kwao. Hakuandika neno. Kesho yake watu wanaulizana bei ya tenki la lita 5,000. Tungeanza na orodha ya michango, nina hakika nusu wangejitoa. Nyie je?

Mkorosho Mmoja, Tandahimba
Langu mimi ni la shamba. Msimu wa 2023 machipukizi ya mikorosho yalinyauka, nikajua ni ubwiriunga. Nikapuliza salfa. Nikarudia. Hali ileile, na mfuko umeisha. Nikaweka chipukizi kiganjani, nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la wakulima. Mzee mmoja wa Nachingwea, hata hatujawahi kuonana, akajibu: "Mwanangu, ubwiri una unga mweupe, ukipitisha kidole unatoka. Hapo naona madoa meusi, kama pamechomwa. Huyo ni mbu wa mikorosho. Salfa ni ya ukungu, huyo mdudu unampaka poda tu." Akaniambia niende asubuhi mapema, jua halijawa kali, nichungulie kwenye majani machanga. Nikaenda. Kweli, vidudu vyembamba, miguu kama nyuzi, vimetulia vinafyonza, na salfa yangu ya njano iko palepale kwenye jani. Nilicheka, ila hela iliniuma. Siku hizi sinunui dawa kabla picha haijapita kwa yule mzee.

Uto Damu
Mimi niko kwenye magrupu 14. Kumi na moja ni michango ya harusi. 😂

Dada wa Newala
Msipambe sana jamani. La kwetu lilianza kwa kumchangia mwenzetu apelekwe Dar kutibiwa. Mtunza hela akaanza na "mtandao unasumbua", mara "nipo msibani", mwisho akajitoa usiku wa manane. Elfu kumi yangu sijaiona mpaka leo. Mgonjwa alisafirishwa na kaka zake waliouza mbuzi. Tulipoanza upya tukaweka watunzaji wawili, na kila jioni picha ya salio inawekwa pale kila mtu aione. Kuna walionuna eti hatuwaamini, wakaondoka. Sikumbembeleza mtu.

Kolo wa Kilwa
Dada, pole. Mimi nina deni la aina nyingine. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, basi letu likakwama, mfukoni nina elfu nane. Grupu pekee lililokuwa macho ni lile la mashabiki wa Simba na Yanga, la matusi matupu (mimi Simba, yaani Kolo; wa Yanga tunawaita Uto). Nikaandika, "Wazee nimekwama Somanga." Dakika ishirini, anakuja jamaa na pikipiki, jezi ya kijani, sura siijui ila maneno yake nayajua miaka miwili: "Panda, Kolo." Nimelala kwake siku mbili, nakula wali na samaki wa nazi, ukutani kalenda ya Yanga imenikodolea macho. Mkewe ananiita shemeji. Sijamtukana tena yule bwana, na wenzangu wananiona msaliti.

Uto Damu
Hatimaye umeokoka, mkuu.

Dada wa Newala
Mtoa mada, hilo tenki la Mikindani lilifika, au na lenyewe "mtandao unasumbua"?

Kijana wa Mikindani (mtoa mada)
Lilifika dada, na mvua za Januari limejaa hadi kumwagika. Kilichobaki ni koki. Fundi wa koki alikuwa dawati la nyuma yangu, na najua anasoma huu uzi.