Wauzaji wa treni za modeli, acheni kutuambia "ongeza ampea" bila kuuliza!

Wakuu, nina hasira na leo nasema.

Nina meza ya treni za HO (ukubwa wa 1/87 ya treni halisi) zinazoendeshwa kidijitali: vichwa vitano vya sauti, mabehewa 12 yenye taa. Kila nikiwasha, umeme unakata, unarudi, unakata tena. Nikamwendea muuzaji. Hakuuliza waya zangu zina unene gani, wala reli nimezigawa vipi. "Kisanduku chako cha umeme cha ampea 3 hakikutoshi, chukua cha 5." Nikalipa.

Wiki ya pili kichwa kimoja kikaacha reli kwenye njia panda, magurudumu yakagusisha reli mbili. Shoti ya wazi kabisa, na kisanduku hakikukata! Kilichonishtua ni harufu. Nilipokiinua, bogi ya mbele (fremu inayoshika magurudumu) ilikuwa imelegea kama mshumaa, gia zimedidimia kwenye plastiki, na gurudumu likaniunguza kidole.

Nikachukua mita. Waya nyembamba na viungio vya reli mpaka kona ile vina ukinzani wa karibu omu 4. Volti 15 gawanya kwa 4 ni ampea 3.75. Kisanduku cha zamani kingekata. Hiki cha 5 kikaona ni mzigo wa kawaida, kikaendelea kumimina wati zaidi ya 50 zigeuke joto kwenye waya, viungio na magurudumu.

Na ampea wala hazikuwa pungufu! Kila behewa lina balbu mbili za kizamani, kila balbu inakula milliampea 50. Hizo ni ampea 1.2 kabla treni haijasogea. Halafu kapasita (vihifadhi vya umeme) za vichwa vya sauti zote zinavuta kwa mpigo ukiwasha. Nimeweka LED, taa zote sasa hazifiki ampea 0.2. Angeniambia hivyo, na kwamba reli zigawanywe vipande, kila kipande na breka yake, waya kuu iwe milimita 2.5 za mraba, nisingepoteza kichwa.

Nimemrudia, ananiambia "umetumia vibaya." Nimetumia alichoniuzia, kama alivyoniambia!

Wenye meza kubwa, lazeni sarafu juu ya reli mbili, kila kona. Umeme ukate papo hapo. Kwangu kona tatu bado hazikati, na hakuna treni itakayotembea hapa mpaka zikate.