Mombasa na mtoto wa miezi saba: Mama Ngina, Haller Park, Bamburi au Fort Jesus?

Mama Imani
Hamjambo wenyeji. Tumehamia Mombasa kutoka Eldoret, tunakaa Tudor, gari hatuna. Mtoto ana miezi saba: anakaa mwenyewe, hajaanza kutambaa, ananyonya na ameanza uji na matunda ya kuponda. Tunatafuta pa kumtoa mara moja kwa wiki, masaa mawili matatu hivi, asirudi na harara mwili mzima. Majina tunayotajiwa ni manne: Mama Ngina, Haller Park, ufuo wa umma wa Bamburi na Fort Jesus. Naomba mnilinganishie kivuli, njia ya kigari (chetu ni kile cha magurudumu madogo), gharama na usafiri.

Kizingo Kwetu
Karibuni Mombasa. Anzeni na Mama Ngina. Ni bure, na kutoka Tudor ni tuktuk moja tu, hamvuki daraja wala feri. Tangu ikarabatiwe mwaka 2019 njia ni pana na imesakafiwa, kigari cha magurudumu madogo kinapita bila shida. Meli za Kilindini zinapita karibu sana, na mtoto wa umri huo atazikodolea macho kuliko mnyama yeyote.

Muhimu ni saa. Ufuo ule unatazama kusini mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini na kumpiga mtoto usoni, na kifuniko cha kigari hakisaidii kwa sababu jua bado liko chini. Jioni mambo yanageuka: jua linakuwa nyuma yenu, linashukia upande wa mji. Fikeni saa kumi na nusu, ondokeni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, giza halijaingia.

Mibuyu isiwadanganye. Shina ni kubwa lakini kivuli ni haba, na wakati wa ukame hupukutisha majani yote. Msimu wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo hapo ni mkali, kwa hiyo kofia ya mtoto iwe na kamba ya kufungia kidevuni. Jumapili jioni na siku za Idi msijaribu na kigari. Watu ni tele, na moshi wa mihogo na mishikaki unamwingia mtoto machoni. Katikati ya wiki ndipo pazuri.

Baba Salma
Kizingo Kwetu amesema kweli kuhusu usafiri, lakini kwa kivuli Mama Ngina haiingii hata mlangoni mwa Haller Park. Ile ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Upandaji miti ulianza 1971 chini ya René Haller, na mti ulioshika pale kwenye mwamba mtupu wenye chumvi ni mvinje. Sasa ni msitu. Unaweza kutembea saa nne asubuhi mtoto akiwa kivulini sehemu kubwa ya njia, jambo ambalo ufukweni haliwezekani.

Namna ya kwenda: shukeni Buxton, pandeni matatu ya Bamburi au Mtwapa, mwambieni utingo awashushe Haller Park. Lango liko barabara kuu ya Malindi. Msivuke daraja la Nyali kutoka kisiwani kuanzia saa kumi na moja jioni, foleni yake ni ya kila siku. Nendeni asubuhi, rudini mchana.

Kuna kiingilio. Bebeni kitambulisho cha taifa, bila hicho mtatozwa bei ya wageni. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kwa kawaida, ulizeni langoni mkiingia. Fikeni kama saa tatu na nusu, mpitie mabwawa ya samaki na mamba taratibu, mtokee kwa twiga kabla umati wa wanafunzi haujajaa jukwaani. Ulimi wa twiga ni mrefu na una mate mengi, kwa hiyo mtoto ashikwe na mtu ambaye halishi, na mikono ya anayelisha ioshwe kabla ya kumgusa mtoto.

Njia ni za udongo wa matumbawe ulioshindiliwa. Magurudumu madogo yatapita ila yatatetemeka, na mvua ikinyesha yanakwama. Kibebeo cha kifuani ni bora.

Tena kuna majongoo. Yalipelekwa mle makusudi ili yatafune majani ya mvinje na kuyageuza mbolea, na ndiyo yaliyotengeneza udongo. Ni makubwa, yenye miguu myekundu, na hutembea polepole njiani. Hayaumi, lakini hutoa majimaji yanayowasha ngozi na kuchoma macho. Mtoto wa miezi saba hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo msitandike leso pale palipo na majani makavu.

Bi Rukia wa Kuze
Mwanangu Mama Imani, Fort Jesus nendeni, lakini kigari kiacheni nyumbani. Ngome ilianza kujengwa 1593, na Wareno hawakuwa na habari ya magurudumu ya mtoto. Ukishapita lango ni mteremko wa mawe, ngazi zisizolingana, na ua mkubwa usio na kivuli ambao kuta zake zinarudisha joto. Mtu akishika mtoto, mwenzake ashike mkoba, hapo mtapita.

Ingieni mapema asubuhi mara kunapofunguliwa. Anzeni juu kwenye kuta kabla jua halijapanda, kisha mshuke kwenye ukumbi wa makumbusho jua linapoanza kuuma. Saa moja na nusu inatosha. Nako kitambulisho kinahitajika.

Mtu hanitajii Mji wa Kale wenyewe! Vichochoro vya Kuze ni vyembamba, nyumba ni za ghorofa, kwa hiyo asubuhi kivuli kipo upande mmoja au mwingine wakati wote. Ni bure. Mnakula mahamri na mbaazi, mnarudi kwa tuktuk. Mwenye kubeba mtoto apite upande wa ukuta, maana pikipiki hupita humo humo.

Na kuhusu kumbeba: leso ya pamba moja tu, msimfunge mbili. Miili miwili ikigusana kwa joto la hapa ndipo harara inapoanzia, shingoni na kwapani. Mfungueni kila baada ya nusu saa apate upepo. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, na kidevu kisigande kifuani, apumue vizuri.

Nahodha Mstaafu
Naona watu wanamkwepa mwanamke wa watu kwenye swali la Bamburi. Ufuo wa umma (wengine huuita Pirates) ni mzuri au mbaya kutegemea maji, na maji yana hesabu yake.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Siku hizo kwetu maji hupwa kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi hadi kumi na moja jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mkija jioni ya bamvua mtakuta sehemu nyingi mchanga haupo, mawimbi yanapiga karibu na kuta, na pa kumkalisha mtoto hakuna.

Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 au 22 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu. Hesabu inageuka: yanajaa asubuhi, yanapwa jioni, na hayaendi mbali wala hayapandi sana. Jioni ya maji mafu, saa kumi na nusu, ndiyo ya mtoto. Maji ni tulivu ndani ya mwamba na jua limelegea. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaijua ya Jumamosi. Asiyetaka hesabu aangalie jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari.

Asubuhi ya bamvua mnaweza kwenda saa mbili, maji yanapopungua na kuacha vidimbwi. Kidimbwi kiwe cha mchanga mtupu, kisifike goti la mtu mzima. Penye mawe na majani msiingie, kuna fuma, mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Ikifika saa nne tokeni, maji ya kidimbwi kifupi hupata moto kweli, tieni mkono wenu kwanza. Msimu wa kusi bahari hutupa majani mengi ufukweni, yanaoza na kunuka. Miezi hiyo chagueni Haller.

Nesi wa Zamu
Naongeza ya afya, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika.

Mchanga. Ule mkavu wa juu, chini ya minazi, ndiko paka na mbwa hujisaidia, na mabuu ya minyoo yao hupenya ngozi ya binadamu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa. Tandikeni mkeka chini ya alama ya maji kujaa, mahali panapooshwa na bahari kila siku. Watu hufanya kinyume kwa sababu juu ndiko kwenye kivuli, kwa hiyo bebeni mwavuli wenu.

Mwavuli nao hauzuii yote, mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga kutoka chini. Mvalisheni shati jepesi la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Kwa miezi saba krimu ya kuzuia jua inaruhusiwa (chini ya miezi sita ni kivuli na nguo tu): SPF 30 kwenda juu, ile ya zinki ndiyo laini kwa ngozi. Pakeni robo saa kabla ya kutoka, mrudie kila masaa mawili na kila akitoka majini. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi msikae juani kabisa, hasa Januari hadi Machi.

Msifunike kigari kwa leso ili kuzuia jua. Hewa hukwama na joto la ndani hupanda haraka. Chandarua chepesi ni sawa, tena kinazuia mbu. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, msingoje magharibi. Dawa ya kufukuza mbu pakeni kwenye nguo, si kwenye vidole vyake.

Chakula: nyonyesha mara nyingi kuliko nyumbani. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa masaa manne kwenye joto la nyuzi 25, na Mombasa mchana hupita hapo, kwa hiyo yawe kwenye mfuko wa baridi wenye barafu. Kwa maziwa ya kopo, pimeni unga kwenye kikopo kikavu na maji ya moto kwenye chupa ya chai, mchanganye pale pale, mpooze, na akishaanza kunywa kilichobaki baada ya saa moja kimwagwe. Uji wa asubuhi msiutembeze hadi mchana. Ndizi mbivu ndiyo salama kuliko yote, inakuja na ganda lake. Dafu kunyweni nyinyi, kile kisu kimepita mengi.

Baada ya bahari, lita mbili za maji safi zinatosha kumwosha chumvi, muanzie kwenye mikunjo ya shingo na mapaja. Nepi ya kawaida ikiingia majini hufura na kuning'inia, mvueni au mtafute ya kuogelea.

Mama Imani
Asanteni sana, Bi Rukia shikamoo. Swali dogo: mume wangu anapendekeza tulipie hoteli ya Nyali kwa siku, tutumie bwawa lao. Na kuna anayesema tuvuke Likoni.

Kizingo Kwetu
Hoteli ni sawa kama bwawa la watoto lina kivuli. Pigeni simu muulize hilo kwanza, ndipo muulize bei, na kama sehemu ya hela mnarudishiwa kwa chakula. Bwawa la watoto lisilo na paa saa sita mchana ni maji ya chai. Faida kubwa ya hoteli ni choo safi chenye meza. Kwingine bebeni karatasi ya plastiki ya kutandika, pa kumbadilishia mtoto ni mapajani mwenu.

Likoni: anayetembea kwa miguu halipi feri, lakini asubuhi na jioni watu wanasukumana na kuna mteremko mkali wa kushuka na kupanda. Kama ni lazima, vukeni kati ya saa nne na saa tisa, mtoto kifuani, kigari kimekunjwa. Kwa umri huu sioni mtakachopata ng'ambo ambacho Bamburi haina. Diani ina mchanga bora, ila hiyo ni safari ya siku nzima.

Baba Salma
Kigari kikigusa mchanga wa bahari, osheni magurudumu kwa maji baridi siku hiyo hiyo na tieni tone la mafuta kwenye ekseli. Chumvi hula beringi, mtashangaa kinaanza kulia.

Nahodha Mstaafu
Mama Imani, angalieni mwezi leo usiku. Ukiwa nusu, Jumamosi nendeni Bamburi saa kumi na nusu. Ukiwa mpevu, Jumamosi ni ya Haller asubuhi.

Bi Rukia wa Kuze
Marahaba mwanangu. Na mkija Kuze siku ya Ijumaa, muwe mmeshatoka kabla ya saa sita, watu wanakwenda msikitini na vichochoro hujaa.